Kijana Huyu Atafika Wapi?

   Sogeeni karibu na redio. Leo tuna mazungumzo ya michezo, ila hatutazungumza habari za nani kamfunga nani.

Nina swali. Ukimtazama mtoto wa miaka 14 uwanjani, unajuaje kwamba huyu atafika mbali na yule ataishia hapa hapa? Baba, mama, mwalimu wa michezo, kiongozi wa timu ya mtaa, wewe unaangalia nini? Mbio zake? Shuti lake? Urefu wake? Mabao aliyofunga Jumamosi? Shikeni majibu yenu kwanza.

Nauliza kwa sababu mji wetu wa Mwanza una vijana wengi wenye vipaji na una majaribio mengi. Tuna shule za Alliance pale Mahina, zilizolea vijana mpaka timu yao ikapanda Ligi Kuu mwaka 2018. Tuna Pamba, fahari ya wazee wetu, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya miaka mingi ya kuwa chini. Tuna Toto African. Tuna UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, kila mwaka, tuna ndondo za mtaani kila kona, kuanzia Igoma hadi Kirumba. Watoto wapo. Lakini nendeni mkaangalie tunavyowachagua. Vijana 60 wanaitwa uwanjani, wanagawiwa jezi zenye namba, wanacheza dakika 20, kisha mtu mmoja anasimama na karatasi na kusoma namba za vijana 8. Waliobaki wanavua jezi, wanapanda daladala, wanarudi nyumbani wakiamini kwamba hawawezi. Dakika 20, wasikilizaji wangu! Dakika 20 za kuamua maisha ya mtoto.

Sasa leo nitawapeleka kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujaucheza, mchezo wa besiboli. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote, mwingine amesimama na gongo anajaribu kuupiga, kisha akimbie. Hapa Tanzania mchezo huu upo mashuleni, umekuzwa kwa msaada wa Wajapani, na pale Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja wake. Kwa nini nianze huko? Kwa sababu klabu kubwa za besiboli za Marekani humsajili kijana akiwa na miaka 16 au 18, zikamlipa, kisha zikamngoja miaka 4, 5, hata zaidi, akipanda ngazi moja moja za ligi ndogo, kabla hajacheza ligi kubwa hata siku moja. Ukikosea kuchagua, umepoteza fedha na miaka. Kwa hiyo watu wale wamelazimika kulifikiri swali letu kuliko karibu mchezo mwingine wowote duniani. Wanauliza: ana umri gani kweli? Alicheza dhidi ya nani? Umemtazama mara ngapi?

Tuanze na umri, na hapo nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo panaponiuma.

Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, mwaka 2011, timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda na kupata nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika pale. Watoto wakajiandaa. Mwishoni wakanyimwa viza, kwa kuwa tarehe za kuzaliwa kwenye nyaraka zao zilikuwa zinapingana. Fikirini huzuni ya watoto wale. Lakini Waganda hawakukata tamaa. Mwaka uliofuata, 2012, timu nyingine, ya Lugazi, mji wa mashamba ya miwa katika barabara ya Kampala kwenda Jinja, ikapita mchujo, ikapata viza, ikafika Williamsport. Timu ya kwanza kutoka Afrika. Na kabla ya kuondoka ikaifunga timu ya watoto wa jimbo la Oregon 3 kwa 2. Watoto wa ng'ambo ya ziwa letu hilo hilo!

Wala msidhani kwamba habari ya umri ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Hapo hapo Williamsport, mwaka 2001, alikuwepo mrushaji mmoja wa timu ya Bronx, New York, anaitwa Danny Almonte, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika. Alirusha mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Magazeti yakamwimba. Baadaye ikabainika kwamba hakuwa na miaka 12, alikuwa na miaka 14. Aliyekuwa amebadilisha nyaraka ni mtu mzima, si mtoto. Ushindi wa timu ukafutwa. Na yule kijana aliyeonekana hana mfano? Hakuwahi kucheza ligi kubwa hata mechi moja.

Nisikilizeni vizuri hapa. Miaka 2 tu ilitosha kumfanya mchezaji mzuri wa kawaida aonekane muujiza. Mwenye miaka 14 kati ya wenye 12 ana mabega, ana mikono mirefu, ana nguvu. Mtazamaji anaona kipaji, kumbe anaona siku za kuzaliwa.

Sasa turudi kwetu. Wakubwa wenzangu mnakumbuka Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, ile iliyofuzu kwenda Gambia mwaka 2005, kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Haikwenda. Iliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Miaka 12 baadaye, mwaka 2017, upepo ukageuka: tulikuwa tumetolewa na Congo Brazzaville, kisha Congo ikashindwa kumpeleka mchezaji wake kwenye kipimo cha MRI, ikaondolewa, sisi tukaenda Gabon kwa nafasi yao. Na vijana wetu hawakwenda kutembea. Walitoka sare na Mali, wakawafunga Angola. Kipimo hicho cha MRI hupiga picha ya mfupa wa mkono pale karibu na kiganja, kuona kama sehemu inayokua imekwisha kuungana. Kwa kijana ambaye hajafika miaka 17 ni nadra sana kuikuta imeungana kabisa.

Hao waliozidi umri tunawaita vijeba. Neno hilo mnalijua, tunalisema tukicheka. Mimi sioni la kuchekesha. Kwa sababu kila kijeba anayeingia kwenye timu ya watoto, kuna mtoto mmoja wa kweli anayetoka. Mtoto wa miaka 14, mwenye miaka 14 ya kweli, anasimama mbele ya jitu la miaka 18 lenye ndevu zilizonyolewa asubuhi ile, anasukumwa, anaanguka, na mwenye karatasi anaandika: hana nguvu. Mtoto yule ameibiwa. Hakumwibia mtu, hakumdanganya mtu, na ndiye anayerudishwa nyumbani. Na kijeba mwenyewe hafaidiki, maana akifika miaka yake ya kweli ya kuvuna, 25 au 26, karatasi inasema ana 21 na mwili unasema vingine.

Kuna jambo la kutia moyo. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 5 ulianza Mbeya mwaka 2013, na Mwanza ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuupata. Vyeti vilitolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Watoto wale ndio hawa sasa wanaingia umri wa kuchaguliwa. Mama, kama cheti kipo ndani ya begi lile la nguo, kitunze. Kadi ya kliniki nayo itunze. Na wewe kiongozi wa timu, ukiletewa kijana, ulizia kadi ya kliniki kabla ya kuulizia viatu vyake.

Haya, tumemaliza la kudanganya. Lakini hata pasipo udanganyifu wowote, umri una mambo yake. Michuano ya vijana huhesabu kuanzia Januari mosi. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wa mwaka huo huo wanaitwa umri mmoja, na mmoja amemzidi mwenzake karibu miezi 12. Kanada waliligundua hili katika mpira wa magongo wa barafuni, miaka ya 1980: kwenye timu za vijana bora walijaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Je, Mungu anagawa vipaji Januari mpaka Machi tu? Hapana. Wakubwa kidogo walichaguliwa, wakapewa makocha bora, wakacheza zaidi, wakawa bora kweli. Wadogo waliachwa. Ongezeni na kubalehe: mwingine anabalehe akiwa na miaka 12, mwingine 16. Ukiwapanga mstari mmoja, unadhani ni baba na mwana.

Watazamaji wa vipaji wa besiboli hufanya nini basi? Wana namba zao, kutoka 20 hadi 80. Hamsini ni mchezaji wa wastani wa ligi kubwa, si wa mtaani. Wanapima mbio, mkono wa kurusha, udakaji, upigaji na nguvu. Lakini kitu kilichonivutia mimi ni hiki: kila kipengele wanakipa alama 2. Moja ya leo, moja ya kesho. Kijana anaweza kupewa 30 ya leo na 60 ya kesho. Maana yake: leo hawezi, lakini nikitazama mabega yake, mwendo wake, anavyouona mpira, miaka yake, naamini atafika. Mwingine anapewa 45 leo na 45 kesho: amekwisha fika pale anapofika.

Watu wa ziwa hawahitaji kufundishwa hili na Mmarekani. Wekeni juu ya ubao dagaa na mtoto wa sangara, wenye urefu mmoja, sentimita 5 kila mmoja. Nani hapa atasema ni samaki sawa? Dagaa yule ni mzima, amekwisha taga. Sangara yule hajaanza hata safari, na ndiyo maana sheria inakukataza kumvua kabla hajafikisha sentimita 50. Mvuvi anajua anachokitazama ni cha aina gani na kitakuwa nini. Tukienda uwanjani tunaisahau akili hiyo, tunapima kwa rula.

Narudia, maana hii ndiyo hoja yangu ya leo: alama ya leo ni moja, alama ya kesho ni nyingine, na kinachoziunganisha ni umri. Ukiulizwa kuhusu kijana, usijibu kabla hujajua umri wake.

Twende kwa mpinzani. Alicheza dhidi ya nani?

Wengi mmeona kwenye simu video za kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, mdakaji wa besiboli, akifanya mazoezi kwa matairi na chupa, akitoka jasho mavumbini. Zilizunguka dunia nzima. Mwaka 2023 zikampeleka Marekani, akajiunga na Frederick Keys, timu ya ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Mimi namheshimu sana kijana yule. Video ile inaonyesha moyo, na moyo ni sehemu kubwa ya kazi. Kitu ambacho video haiwezi kuonyesha ni atafanya nini mpira ukija kwa kasi ambayo hajawahi kuiona nyumbani. Hilo huonekana mbele ya mrushaji mwenye kasi hiyo, basi. Wenzake wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na wao pia ilibidi waanzie ngazi za chini kabisa, wapimwe upya mbele ya wapinzani wapya.

Kwetu mfano mzuri ni mshambuliaji Mbwana Samatta. TP Mazembe wa Kongo Kinshasa walimwonaje? Mwaka 2011 Simba ilipangwa na Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika, Simba ikafungwa. Lakini katika timu iliyofungwa, Wakongo wakaona kijana wa miaka 18 anayewasumbua mabeki wao wenyewe. Wakamchukua mwaka huo huo. Tazameni: timu yake imefungwa, yeye amepanda thamani. Laiti wangeangalia matokeo tu, wangemwacha. Wao walitazama umri wake, wakatazama alikuwa anacheza na nani.

Kwa hiyo mwalimu, ukiambiwa kuna kijana kafunga mabao 20, uliza kafunga wapi. Mabao 20 ya timu zisizo na kipa wa kueleweka ni kitu kimoja. Mabao 3 kwenye ndondo ya watu wazima, akiwa na miaka 15, mbele ya mabeki wanaotafuta mkate wao pale, ni kitu kingine kabisa, na mimi nafuata yale 3. Besiboli wanalisema kila siku: mwenye miaka 19 anayejitahidi tu, anakwenda sawa na wenye miaka 24, ana kesho kubwa kuliko mwenye miaka 25 anayewatawala watoto.

Na kijana wa kisiwani je? Wa Ukerewe, wa Ukara, wa kambi za wavuvi? Huyo hana mpinzani wa kumpima, si kosa lake. Mpinzani hawezi kumfuata kule, basi yeye aletwe, na aachwe acheze siku kadhaa, kwani siku ya kwanza amechoka na mashua na anashangaa uwanja wa nyasi bandia.

Hapo tumeingia kwenye swali la tatu: umemtazama mara ngapi? Nitakuwa mfupi. Katika besiboli, mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila 10 ni mpigaji mzuri sana. Anashindwa mara 7, na analipwa mamilioni ya dola. Ukimtazama siku moja tu, yawezekana kabisa ukamkuta siku ya kushindwa. Ndiyo maana mtazamaji mwenye akili anarudi, na anarudi tena.

Mike Trout, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama hizi, mwaka wa kuchaguliwa kwake, 2009, vijana 24 walitajwa kabla yake. Alikuwa anatoka jimbo la New Jersey, kwenye baridi, ambako msimu ni mfupi na watazamaji hawakumwona mara nyingi. Mwaka 2011 akaingia ligi kubwa akiwa na miaka 19, akacheza mechi 40, akawa anafanikiwa takribani mara 2 katika 10. Wangapi kati yetu tungesema, mtoto huyu wamemkuza bure? Klabu yake ikatazama umri wake. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwa kura zote kuwa mchezaji mpya bora wa ligi yake.

Sasa tunafanya nini, maana kulalamika peke yake hakusaidii? Mwalimu wa michezo, kocha wa mtaa, nunua daftari kubwa, lile la kaunta buku. Kila kijana ukurasa wake. Andika tarehe ya kuzaliwa na umeiona kwenye karatasi gani. Kila ukimtazama andika siku, uwanja, mpinzani alikuwa nani. Mpe alama ya leo na alama ya kesho, na andika kwa nini. Mtazame anapokosea: anainamisha kichwa, anamlaumu mwenzake, au anaomba mpira tena? Mtazame akicheza na wakubwa wake. Usimhukumu mpaka umemwona mara kadhaa, kwenye viwanja tofauti. Baada ya mwaka fungua kurasa zile usome ulichoandika. Utajifunza jicho lako linakosea wapi. Labda unapenda warefu mno, labda unapenda wenye mbio tu. Daftari hilo halihitaji mfadhili.

Na wale 52 waliobaki uwanjani tukawarudisha nyumbani? Alikuwepo kijana wa Afrika Kusini, Gift Ngoepe. Alikulia kwenye jengo la klabu ya besiboli Randburg, ambako mama yake alikuwa akifanya kazi. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008, akiwa na miaka 18. Akapanda ngazi moja, akashushwa, akapanda tena. Mwaka baada ya mwaka alikuwa hajaitwa. Aliitwa tarehe 26 Aprili 2017, akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kubwa ya besiboli, na mara yake ya kwanza kusimama na gongo akafanikiwa, mbele ya mrushaji mashuhuri Jon Lester. Karibu miaka 9 watu waliendelea kumtazama na kuandika.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia majaribio Mwanza ni hili. Mtoto wa miaka 13 au 14 asiambiwe umeshindwa. Aambiwe: leo bado, njoo mwezi wa sita, njoo tena mwezi wa kumi na mbili, na tarehe hizo aandikiwe kwenye karatasi aende nayo nyumbani, mzazi wake aione. Aambiwe pia afanyie kazi nini: mguu wa kushoto, pumzi, kuinua kichwa. Akirudi, daftari lifunguliwe ukurasa wake.

Muda wetu umekwisha. Sijagusa upande wa wasichana, na hapa Mwanza kuna mengi ya kusema juu yao, hivyo wiki ijayo saa hii hii tutakuwa nao. Mwenye swali au hoja tofauti na yangu atuletee, tutaisoma hewani. Wavuvi wetu, upepo uwe mzuri usiku huu. Kwaherini.